Utakatifu Unafika Hadi Kwenye Gorogoro?

Jumatano moja, katika ushirika wetu wa nyumbani hapa Kisauni, kijana mmoja aliuliza: "Mtu akitaka kujua kama mimi ni mtakatifu, nimjibu nini?" Dada mmoja anayetushinda wengi kwa maombi alimjibu papo hapo: sema ndiyo, damu imeshakutakasa. Mzee wa kanisa akatikisa kichwa. Kwake yeye, anayejiita mtakatifu ameanza kuteleza. Aseme tu kwamba anatakaswa, na kwamba Bwana hajamaliza naye. Tuliachana saa tatu na nusu usiku bila kupatana.

Wote wawili walikuwa wamefungua waraka uleule. Dada alisoma 1 Yohana 3:9, kwamba aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi. Mzee akarudi nyuma kurasa chache, 1:8: "Tukisema kwamba hatuna dhambi, twajidanganya wenyewe, wala kweli haimo mwetu." Mtume hakusahau alichoandika mwanzo alipofika katikati. Basi anayeshika aya moja na kuifunika nyingine amesoma nusu ya barua.

Sisi wa Mombasa tuna neno la kutusaidia hapa. Biblia yetu ikisimulia madhabahu na makuhani husema "kuweka wakfu", na katika mji huu wakfu si neno la vitabuni. Jirani zetu Waislamu wana nyumba na mashamba yaliyotolewa kwa ajili ya Mungu, hayauzwi wala hayarithiwi. Mji wa Kale nyumba za namna hiyo zipo. Nyumba haiwi wakfu kwa sababu kuta zake ni nyeupe. Inakuwa wakfu tangu mwenyewe alipoitoa, hata kama paa linavuja. Kiebrania cha Agano la Kale kinaposema "takatifu" kinaanzia hapo hapo: kilichotengwa, kilicho cha Mungu. Ndiyo maana Paulo aliweza kuwaita Wakorintho "waliotakaswa katika Kristo Yesu", kisha katika barua hiyohiyo akawakemea kwa zinaa, kushtakiana mahakamani na kulewa kwenye chakula cha Bwana. Hapo dada yetu ana haki kabisa. Utakatifu hauanzi na jitihada zetu, unaanza na Mwenye mali.

Lakini neno letu la Kiswahili limetoka kwenye kutakata, yaani kuwa safi. Lugha yenyewe haikubali tuishie kwenye hati ya umiliki. Paa linalovuja la nyumba ya wakfu ni aibu kubwa kuliko la nyumba ya mtu binafsi, kwa sababu ya jina la aliyepewa. Na hapo mzee wetu naye ana haki.

Mabishano haya si mageni pwani hii. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, mwenzake Rebmann akamfuata mwaka 1846, wakaweka kituo Rabai. Wote wawili walikuwa Wajerumani waliolelewa katika mapokeo ya Luther, aliyefundisha kwamba Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563, ambayo ni ya Wareformati, yaani makanisa ya mapokeo ya Calvin, inakaribiana naye: hata walio watakatifu kupita wote wana mwanzo mdogo tu wa utii kwa Mungu maishani. Kisha mwaka 1862 Wamethodisti wakaanza kazi Ribe, si mbali na Rabai, wakiwa warithi wa John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti. Wesley aliamini kwamba Mungu anaweza kumjaza mtu upendo mkamilifu katika maisha haya haya, hata ndani ya dakika moja. Wengi humsingizia kwamba alisema mtu hawezi tena kukosea. Hakusema hivyo, alizungumzia moyo usiokusudia dhambi, na yeye mwenyewe alikiri kwamba hajafika huko. Waliokuja baadaye, hasa katika makanisa ya utakatifu na ya Kipentekoste, waliikaza ile dakika moja kuliko yeye.

Mimi huegemea upande wa mzee. Hata hivyo nisingetaka mtu aupuuze upande wa pili, na sababu yangu ni unga. Kila anayeishi Mombasa anajua familia ambayo heroini imeipitia. Kijana akitoka maskani ya wavutaji leo, mikono inatetemeka, ukamwambia kwamba utakaso ni safari ndefu na tunakua pole pole, huenda umempa ruhusa ya kurudi kesho. Anahitaji kuambiwa kwamba yule wa zamani amekufa, kwamba dhambi haina hati juu yake tena. Anahitaji matibabu na watu wa kukaa naye, ndiyo, lakini na neno hilo pia. Warumi 6 haisemi mtawekwa huru, inasema "mkiisha kuwekwa huru". Ukisimama Kengeleni, karibu na ile kengele ya Frere Town, mji ulioanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya waliookolewa utumwani, maneno hayo huwezi kuyasoma kama mfano tu. Mtu hakuwa huru nusu. Ilimchukua muda kujifunza kuishi bila kumwogopa bwana wa zamani, ila uhuru wenyewe haukuwa wa mafungu.

Na sisi tunaopenda kusema "Mungu bado ananishughulikia" tujichunguze. Nimemsikia mtu akiisema sentensi hiyo kuhusu ulimi wake kwa miaka kumi, na ulimi ni uleule. Dhambi tumeipangisha chumba na kodi hatudai.

Tatizo la upande wa dada linatokea mtu anapoanguka. Aliyetangaza mwezi wa Januari kwamba ametakaswa kabisa, akiteleza Machi atamwambia nani? Atanyamaza, aendelee kuimba. Ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda na kufika Kenya mwaka 1937, walilijua jambo hili. Walisema bila woga kwamba wameokoka, na bado wakasimama mbele ya wenzao kuungama ya wiki ile ile. Jambo hilo waliliita kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7, aya inayosema damu "yatusafisha", si kwamba ilitusafisha tukamaliza. Huo ndio uelewa ulio karibu zaidi na moyo wangu. Inasikitisha kwamba hata miongoni mwao, mahali pengine, nuru iligeuka kuwa tochi ya kumulikia nywele na mavazi ya wengine.

Kuhusu mavazi, nitasema kidogo. Wanaoyakazia hawana hoja tupu: mwili pia ni wa Bwana, na katika mji wenye buibui na kanzu kila kona, uvaaji wetu unasomwa na jirani kabla Biblia zetu hazijasomwa. Lakini nimeona dada akiondolewa kwaya kwa sababu ya kusuka rasta, huku baba aliyekuwa hajamlipa mlinzi wake mishahara miwili akiongoza maombi ya kufungua ibada. Sasa fungua Walawi 19. Sura inaanza na "Mtakuwa watakatifu", kisha inaeleza maana yake: usivune hadi pembe za shamba, ujira wa mwajiriwa usilale kwako hadi asubuhi, mizani iwe ya haki, "na efa ya haki". Efa ni kipimo cha nafaka. Kwetu ni gorogoro, lile kopo la kupimia sokoni.

Jumatano iliyofuata tuliliendeleza swali lile, na mama mmoja anayeuza maharagwe na mchele Kongowea, ambaye siku zote huja akiwa amechoka na kukaa karibu na mlango, akaomba kusema. Ameokoka miaka tisa. Miaka yote hiyo alipimia kwa gorogoro lililobonyezwa kitako, alilolinunua likiwa hivyo akijua. Hajawahi kusikia mahubiri juu yake. Alifundishwa kuhusu hereni, akaziacha siku ileile. Mwezi uliopita alikuwa anasoma Walawi peke yake, akafika kwenye efa, asubuhi akanunua kopo jipya.

Dada alimwuliza kwa upole kama miaka ile tisa anaona hakuwa mtakatifu. Mama alifikiri. Akasema alikuwa wa Yesu, hilo halimpi shaka, na kopo lilikuwa la kwake mwenyewe.

Mzee hakuongeza neno. Mama akatuambia kwamba wateja wa zamani anaowakumbuka anawaeleza mmoja mmoja na kuwajazia juu. Wengine wamecheka wakapokea. Mmoja alikasirika, sasa ananunua kwenye kibanda cha pili, na mama anasema kila akimwona akipita humsalimu.