Masizi yanayong'aa: tuuamini kiasi gani mto Thames wa Wyllie?

Mwaka 1883 mchoraji Mwingereza William Lionel Wyllie alipeleka kwenye maonyesho ya Royal Academy, chuo cha sanaa cha London, picha ya rangi za mafuta aliyoiita Toil, Glitter, Grime and Wealth on a Flowing Tide. Jina ni refu kama shairi: jasho, mng'ao, masizi na utajiri, maji yakijaa. Baraza la chuo hicho liliinunua mwaka huohuo kwa fedha za wakfu wa mchongaji Francis Chantrey, na sasa iko katika hazina ya Tate, makumbusho ya sanaa ya Uingereza. Ni mto Thames, jijini London. Mbele kuna matishari ya makaa ya mawe, meusi tii, na wanaume wako kazini. Nyuma yao vyombo vimesongamana na moshi umetanda, lakini jua limepenya na maji yanameremeta.

Mng'ao huo ndio unaozua ubishi. Je, Wyllie alitoa ushahidi wa kazi ya mtoni, au aliipamba dhiki ya watu ili matajiri wapate cha kutundika ukutani?

Wanaomtetea wana hoja nzito. Wyllie alikuwa mtu wa maji. Alisafiri kwa tanga na alichora akiwa chomboni, na kwa hiyo vyombo vyake vinaelea kama vyombo vinavyoelea. Mlinganishe na Turner, mchoraji Mwingereza aliyemtangulia. Mwaka 1839 Turner alionyesha manowari ya zamani, Temeraire, ikivutwa kwenda kuvunjwa, akaipa milingoti ambayo kwa kweli ilikuwa imekwisha kung'olewa. Ile ni tanzia, na tanzia huruhusiwa kutia chumvi. Kwa Wyllie hamna shujaa wala manowari. Kuna makaa tu, na watu wanaojua kazi yao. Tishari la Thames halikuwa na injini; lilikwenda na mkondo huku mtu akiliongoza kwa kasia refu. Kule maji ya bamvua hupanda zaidi ya mita 6, kwa hiyo yale "maji yakijaa" ya kwenye jina ndiyo nguvu yenyewe inayosukuma mzigo. Aliyewahi kungoja jahazi lielee ili liondoke Lamu hahitaji kuelezwa kwamba hapo ratiba haipangwi na saa ya ukutani.

Wanaomlaumu huanza na maji yenyewe, nao hawakosei. Mwaka 1858 uvundo wa Thames ulikuwa mkali hata Bunge likashindwa kufanya kazi kwa raha. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa ya majitaka, lakini uchafu haukusafishwa. Ulipelekwa tu chini zaidi ya mto, ukamwagwa Barking na Crossness. Ni karibu na hapo, Septemba 1878, ambapo meli ya abiria Princess Alice iligongwa na meli ya makaa Bywell Castle, na zaidi ya watu 600 wakafa katika maji hayo machafu. Picha yetu ilichorwa miaka mitano tu baadaye. Rangi haina harufu, sawa, ila jua lile alilichagua mchoraji mwenyewe.

Hata hivyo, naona lawama hii inamwinda Wyllie pasipo pake. Watu wa matishari hawakuwa wanyonge kuliko wote. Walikuwa mafundi wenye leseni, waliopitia miaka ya uanagenzi chini ya chama chao cha kazi. Mnyonge hasa alikuwa kuli wa kutwa, aliyesimama alfajiri kwenye lango la gati akigombea kuchaguliwa kwa kazi ya saa chache. Huyo Wyllie hakumpamba wala hakumchafua, hayumo kabisa. Mchoraji alitazama kutoka majini, na lango la gati liko upande wa pili wa ukuta. Ukweli wa picha hii unaishia penye ukuta huo.

Ndivyo ilivyo pia kwa utajiri uliotajwa kwenye jina. Tunaona makaa, yaani kuni za jiji. Mali ya bei ilikuwa ndani ya maghala: sukari, viungo, na pembe za ndovu katika maghala ya London Docks, ambako wanunuzi walikwenda kuzikagua. Nyingi zilipitia Unguja, baada ya kubebwa mabegani kutoka bara hadi Bagamoyo. Wapagazi hao wamo katika utajiri wa Thames ile, ingawa hakuna brashi iliyowafikia. Simdai Wyllie awachore. Nawadai wanaoiita picha hii "sura kamili ya bandari ya himaya" wapunguze sauti kidogo.

Kwa hiyo mimi naiamini kwa kazi: chombo, mkondo, mkao wa mwili unaosukuma mzigo. Kwa habari ya malipo siiamini hata kidogo, maana haina la kusema. Waliosema ni makuli wenyewe. Agosti 1889 waligoma wakidai peni 6 kwa saa, wakaandamana katikati ya London, na baada ya wiki tano hivi wakazipata.