Siku Mama Mkwe Alipoanika Godoro Minnesota

Karatasi ilifika katikati ya mwezi wa nne, imekunjwa mara tatu, rangi ya kijani, nembo ya mji juu. Kwetu karatasi za namna hiyo zina kazi moja tu: huwekwa chini ya sufuria ya chai ili meza isiungue. Sikufungua hata mkunjo mmoja. Nilijua ni yale yale ya kila mwaka theluji ikiyeyuka: mbwa wakatiwe leseni, majani makavu yatiwe kwenye mifuko ya karatasi, wananchi waje ukumbini kujadili mashimo ya barabarani. Mbwa sina. Majani ni ya mwenye nyumba. Mashimo nayajua moja moja kama watoto wa jirani.

Tunaishi Minnesota, katika mji mdogo ambao nikiutaja tu, majirani wote watajijua, kwa hiyo niuache. Mimi ni mtu wa Tanga. Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, na mama watoto yuko zamu ya mchana hospitalini. Wiki nzima tunaonana mlangoni, mmoja anavua viatu, mwingine anavaa.

Mwaka huo mama mkwe alikuja kututembelea. Alifika mwishoni mwa Februari, mwezi ambao hakuna mtu mwenye akili timamu anayemwalika mzazi huku, lakini tiketi za Februari ndizo rahisi. Akakaa dirishani majuma kwa majuma na khanga mbili, sweta tatu na koti langu, anahesabu wapita njia. Kuna siku walipita wawili, na mmoja alikuwa mtu wa posta.

Basi mwezi wa tano ulipoingia, jua likatoka jua la kweli, mama akaanza kunung'unika. "Jua lote hili," akawa anasema, "linapotea bure."

Kama hukulelewa pwani hutaelewa uzito wa maneno hayo. Masika yakiisha, godoro hutolewa nje, na mito, na mazulia, na kila chenye harufu ya unyevu. Nyumba isiyoanika husemwa. Na huyu mama alikuwa amelala miezi kwenye nyumba ambayo madirisha yake tuliyaziba kwa plastiki tangu Novemba ili baridi isipenye. Alivumilia kwa sababu ni nyumba ya mkwe.

Jumanne jioni, natoka kwenda kazini, niliona mtaa mzima umejaa vitu kando ya barabara. Makochi, magodoro, meza yenye miguu mitatu, friza, baiskeli ya mtoto. Nilikuwa nimechelewa, nikapita. Mama mkwe hakuchelewa popote. Yeye alikuwa dirishani, na alichokiona kilimgusa moyo. Baadaye aliniambia, "Nikasema loo, kumbe na watu wa hapa huanika! Nilikuwa nimewadhania vibaya."

Jumatano asubuhi, saa mbili, nikarudi. Hapa ningeweza kujiokoa mara tatu. Kulikuwa na vibao vidogo vya karatasi ngumu vimefungwa kwenye miti ya mtaa. Sikuvisoma, macho yamejaa mchanga wa usingizi. Pale kona, vijana wawili wenye fulana za kung'aa walikuwa wamefungua bomba la zimamoto, maji yanatoka kwa nguvu, rangi ya chai iliyochemka mara mbili. Nikasema moyoni, masikini, bomba limewapasukia. Na vile vitu kando ya barabara vilikuwa palepale. Nikaegesha gari mahali pangu pa siku zote, nikaingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umeshindaje na wazee wako?"

"Wazima mama."

"Baba, leo naomba nianike vitu kidogo."

"Anika tu mama, nyumba ni yako."

Nilisema hivyo kwa roho safi kabisa.

Kisha nikakumbuka kanzu. Jumamosi kulikuwa na nikahi ya binamu yangu Minneapolis, na mimi nina kanzu moja ya maana, nyeupe pe, imedariziwa shingoni kwa mkono, niliyoolea. Nikaitia kwenye mashine peke yake, nikaweka maji ya moto kuliko yote ili ing'are, nikashuka chini kulala. Walinzi na wauguzi wanajua: mtu wa zamu ya usiku hulala orofa ya chini ya ardhi, maana ndiyo yenye giza. Nikavaa msuli wangu, nikajitupa kwenye kochi, nikazimika.

Kumbe nyuma ya nyumba bado kulikuwa tope la theluji, mguu unazama mpaka kifundo. Jua lilikuwa linapiga mbele, kwenye ule utepe wa majani kati ya njia ya miguu na barabara. Mama akalifuata jua. Godoro letu la chumbani, la sponji, jipya, ambalo tulikuwa bado tunalilipia kila mwezi, alilishusha ngazini peke yake. Mama wa miaka sitini na ushei, na mpaka leo hajaniambia alifanyaje. Akaliegemeza kwenye mti. Akatoa mito minne. Akatoa zulia la sebuleni. Akatandika mkeka wake wa ukindu aliotoka nao Tanga, na juu ya mkeka akaweka mbuzi yake ya kukunia nazi, nayo ipigwe na jua. Kisha akaingia jikoni kukaanga kalimati, kwa furaha.

Nilichoamshwa nacho ni sauti yake. Alikuwa nje, anazungumza na watu, Kiswahili kitupu, kwa sauti ya mama mwenye shughuli.

"Taratibu wanangu! Linachubuka hilo! Lipitisheni mlango wa nyuma!"

Nikadhani naota niko Ngamiani, kwetu Tanga. Halafu nikasikia injini, na ile piip, piip, piip ya lori linalorudi nyuma, na mguno wa chuma kinachobana kitu. Nikapanda ngazi mbili mbili.

Lori la taka lilikuwa limetupa mgongo, lile lenye mdomo nyuma na bamba zito la chuma linaloshuka na kusukuma kila kitu ndani. Zulia lilikuwa limekwenda. Mito ilikuwa imekwenda. Vijana wawili walikuwa wameshika godoro huku na huku, na mashavu yao yamevimba kwa kalimati, maana mama mkwe alikuwa amewapokea na sahani. Yeye aliwaona wanavyobeba vitu kwa adabu, akajua ni rafiki zangu nimewatuma waje kuingiza ndani kabla jua halijageuka. Alikuwa amewashikia hata pembe ya godoro.

Nikakimbia na miguu mitupu. "Hilo langu! Hilo si taka!"

Kijana mmoja akaniangalia kwa upole. Akaniambia, "Bwana, leo kila kilichowekwa ukingoni ni taka. Mliandikiwa." Lakini mwenzake alikuwa ameshalisukumia upande mmoja mdomoni mwa lori. Nikalidaka ncha iliyobaki kwa mkono wa kulia. Kwa mkono wa kulia tu, kwa sababu wa kushoto ulikuwa na kazi nyingine: ule msuli niliokurupuka nao ulikuwa umelegea fundo, na mbele yangu, hatua tatu, amesimama mama mzazi wa mke wangu. Kijana akanyoosha mkono kwenda kwenye kitufe cha kusimamisha mashine. Nakuapia, alikuwa ananyoosha mkono.

Hapo ndipo king'ora kilipolia.

Karibu Minnesota nzima, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, saa saba kamili mchana, hujaribu ving'ora vya kuonya watu juu ya vimbunga. Wenyeji hawageuzi hata shingo. Miezi ya nyuma mama alikisikia kwa mbali kupitia madirisha yaliyozibwa plastiki, akadhani ni gari la wagonjwa. Safari hii alikuwa chini ya nguzo yenyewe, maana ile nguzo iko mwisho wa mtaa wetu, na mlio wake haupiti masikioni, unapita kifuani.

"Laa ilaha illallah!" Mama akaachia sahani, kalimati zikaviringika barabarani, akanirukia na kunishika mkono. Ule wa kushoto.

Nikawa nimebaki na mkono mmoja, na vitu viwili vya kushika. Nikampigia kelele kijana asimamishe, naye akatega sikio akionyesha kwamba hasikii kitu kwa king'ora. Bamba likaanza kushuka. Godoro au msuli.

Nikachagua msuli.

Godoro likakunjwa katikati kama chapati na kuingia ndani. Lilitoa pumzi ndefu. King'ora kiliendelea kulia kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama hotuba ya waziri, na jirani yetu mzee wa ng'ambo ya barabara wakati wote huo alikuwa anakusanya majani kwa reki. Aliinua kichwa mara moja, akanipungia mkono, akaendelea.

Kilipokoma, wale vijana waliomba radhi kuliko ilivyostahili. Mkeka ulipona kwa sababu mama alikuwa ameukalia akisubiri Kiyama. Na mbuzi ya nazi ilipona kwa sababu kijana mmoja aliiona yale meno yake ya chuma, akaiweka pembeni peke yake. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni silaha. Nikamwambia ni ya jikoni. Hakuniamini, na kwa hali niliyokuwa nayo, kifua wazi, msuli mkononi, nami nisingeniamini.

Nikaingia ndani kutafuta nguo, nikakumbuka kanzu.

Sikuhitaji kuitoa kwenye mashine. Niliiona kupitia kioo. Ilikuwa imegeuka rangi ya maji ya ukwaju, na mahali pengine ilikuwa na mawimbi ya kahawia kama ramani ya mito. Yule mzee wa reki ndiye aliyekuja kunieleza baadaye, kwa subira ya mtu aliyestaafu: majira haya na tena majani yanapopukutika, mji hufungua mabomba ya zimamoto mtaa baada ya mtaa, maji yakimbie kwa kasi yachukue kutu na manganizi iliyotulia ndani ya mabomba. Siku hiyo hufui nyeupe. Maji yakichafuka unafungua bomba la baridi uyaache yatiririke mpaka yatakate. Ya moto ndiyo huyagusi kabisa, maana ukiyatumia unavuta tope mpaka ndani ya tangi la kuchemshia. Mimi nilikuwa nimechagua ya moto kuliko yote.

Nikachukua jiki. Tayari nimefungua kifuniko, mama mkwe akanipiga kibao cha mkono, cha kwanza tangu nimwoe mwanawe.

"Unataka kuiua nguo? Kutu haitolewi kwa jiki. Unaigandisha!"

Nilikuja kusoma kwamba ni kweli, klorini huishikiza kutu kwenye uzi. Yeye hakusoma popote. Akaagiza ndimu kumi na mbili na chumvi. Akaitandaza kanzu juu ya ule mkeka ulionusurika, safari hii ndani ya dirisha la jikoni lenye jua, hakuna aliyekuwa na hamu ya kwenda nje tena. Akakamua, akanyunyiza, akasugua kwa nusu ya ndimu, akaiacha, akasuuza kwa maji ya chupa, akarudia. Mpaka magharibi ile mito ya kahawia yote ilikuwa imekauka isipokuwa doa moja mgongoni, umbo la kisiwa cha Pemba. Jumamosi nilihudhuria nikahi yote nikiwa nimeegemea ukuta.

Mama watoto alirudi saa moja usiku. Aliingia chumbani, akatoka, akaingia tena. Akasimama mlangoni.

"Baba, kitanda kina nini?"

"Chaga," nikasema.

Mama mkwe akamweleza yeye, mimi nikaangalia sakafu. Alipomaliza, mama watoto hakusema neno. Akaenda mezani, akainua sufuria, akaitoa ile karatasi ya kijani. Katikati ilikuwa na duara jeusi la moto, lakini maandishi yalisomeka. Akasoma kwa sauti, anafasiri kadiri anavyokwenda ili mama yake asikie.

"Jumatano. Ukusanyaji wa samani na taka kubwa. Wekeni ukingoni kabla ya saa moja asubuhi."

Kimya.

"Jumatano. Kusafisha mabomba. Msifue nguo nyeupe."

Mama mkwe akanitazama.

"Jumatano. Jaribio la king'ora, saa saba. Msishtuke."

"Wameandika msishtuke?" mama akauliza.

"Wameandika. Na hapa, Jumatano, kufagia mchanga na chumvi ya baridi barabarani usije ukaingia ziwani. Ondoeni magari."

Tukaenda dirishani wote watatu. Barabara ilikuwa safi kama sinia, huku na huku, isipokuwa mstatili mmoja wa mchanga wa miezi sita, na juu yake gari langu, na kwenye waipa karatasi ndogo inapepea. Hiyo niliisoma.

Usiku ule nilikuwa na zamu, kwa hiyo godoro halikunihusu sana. Mama watoto alilala kwenye mkeka na mama yake.

Nilipokuwa natoka, mama mkwe alikuwa ameshika ile karatasi ya kijani, anaigeuzageuza, anafuatisha mistari kwa kidole. Kiingereza hajui hata neno. Akaikunja mara tatu kama ilivyokuja, akaifunga kwenye pindo la khanga palipokaa hela zake.

"Hii," akasema, "nitakaa nayo mimi."