Madini ya Kilindi cha Bahari: Kusitisha Bila Kuandika Kanuni Hakutoshi

Mwaka 1972 Kenya, ikiongozwa na mwanasheria Frank Njenga, ilipeleka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa pendekezo la ukanda wa kiuchumi wa maili 200 za baharini kwa kila nchi ya pwani, na wazo hilo likaingia katika Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982. Mkataba huohuo unatamka kwamba madini ya sakafu ya bahari yaliyo nje ya mipaka ya mataifa ni urithi wa pamoja wa wanadamu, chini ya Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari iliyoko Kingston, Jamaika. Urithi huo ndio unaogombaniwa leo, na Nairobi haina udhuru wa kukaa kando.

Kati ya Hawaii na Mexico, katika kina cha mita 4,000 hadi 6,000, sakafu imetapakaa vinundu vyenye manganizi, nikeli, shaba na kobalti. Wanaotaka vichimbwe husema kwamba betri za magari ya umeme zinayahitaji madini hayo, na kwamba huko hakuna kijiji cha kuhamishwa wala mlima wa kulipuliwa. Anayezijua habari za migodi ya kobalti ya Kongo hawezi kuibeza hoja hiyo. Kwa Nauru nayo, kisiwa cha Pasifiki ambacho fosfeti yake imechimbwa karibu yote, mrabaha wa baharini si anasa. Hata hivyo, dai kwamba hatuna njia nyingine limepungua nguvu, kwa kuwa betri za chuma na fosfeti, zisizotumia nikeli wala kobalti, zimeenea sana, huku nikeli ya Indonesia ikiwa imeshusha bei sokoni.

Upande wa hatari ni mzito zaidi. Kinundu hukua milimita chache tu katika miaka milioni moja, kwa hiyo viumbe wanaoishi juu yake wakipoteza makao hayo, hawatayapata tena katika muda wowote unaomhusu binadamu. Alama za majaribio ambayo wanasayansi wa Ujerumani waliyafanya mwaka 1989 katika sakafu ya bahari karibu na Peru zilionekana bado miongo kadhaa baadaye. Mashine pia huibua mawingu ya tope, na namna yatakavyosambaa haitabiriki kwa urahisi. Wala tusidhani ni mambo ya Pasifiki pekee: India, China, Ujerumani na Korea Kusini zina mikataba ya utafutaji katika Bahari ya Hindi, ingawa Mamlaka haijatoa kibali chochote cha uchimbaji wa kibiashara.

Mwaka 2021 Nauru ilitumia kifungu kilichoitaka Mamlaka ikamilishe kanuni za uchimbaji ndani ya miaka miwili. Julai 2023 ikapita bila kanuni. Nchi zipatazo 40 zinataka shughuli hiyo isitishwe kwa muda, nami naona zina haki. Udhaifu wao ni kuchukulia kwamba mradi kanuni hazijaisha, hakuna atakayechimba. Aprili 2025 Rais Trump aliagiza vibali viharakishwe kwa sheria ya Marekani ya 1980, nchi ambayo haijauridhia mkataba wa 1982, na kampuni ya Kanada, The Metals Company, ikaomba kibali huko. Kanuni zinapocheleweshwa makusudi, anayenufaika ni yule anayepita nje ya mlango.

Kundi la Afrika huko Kingston limekuwa likidai malipo yenye maana na fidia kwa nchi zinazochimba madini hayo nchi kavu. Ni dai la haki, ila suala la ukaguzi linastahili uzito uleule. Kule Kwale, ambako titani ilichimbwa hadi mwishoni mwa 2024, mwanakijiji aliweza kuliona shimo kwa macho yake na kuuliza maswali. Katika kilindi cha bahari, mkaguzi atategemea kamera na takwimu za kampuni anayoikagua. Kenya iunge mkono kusitisha, lakini idai wakati huohuo kwamba kanuni ziendelee kuandikwa, na kwamba kabla ya kibali cha kwanza kuwepo wakaguzi huru wenye vyombo vyao wenyewe, wanaogharimiwa na ada za wachimbaji kupitia Mamlaka.