Nitrati ya amonia: hatari iko kwenye mfuko au kwenye ghala?

Kila nitrati ya amonia inapotajwa kwenye habari, mjadala hukimbilia ugaidi, na hakosekani wa kupendekeza mbolea hii ipigwe marufuku kabisa. Pendekezo hilo lina msingi. Tarehe 19 Aprili 1995, mjini Oklahoma City, Marekani, lori lililosheheni kilipuzi kilichotengenezwa kwa mbolea hii lilibomoa sehemu kubwa ya jengo la serikali na kuua watu 168. Hata hivyo, baadhi ya maafa yaliyoua wengi kuliko hao hayakuwa na gaidi yeyote.

Mwaka 1921 huko Oppau, Ujerumani, mbolea iliyochanganywa nitrati ya amonia na salfati ya amonia ilikuwa imeshikana ndani ya silo na kuwa ngumu kama mwamba, na wafanyakazi wakaitegea baruti ili kuilegeza. Walikuwa wamefanya hivyo mara nyingi sana bila tatizo. Asubuhi ya Septemba 21 sehemu ya shehena ililipuka, ikachimba shimo kubwa pale kiwandani na kuua watu zaidi ya 500. Huko Beirut, Lebanon, takriban tani 2,750 zilizokuwa zikisafirishwa kutoka nchi ya Georgia kwenda Msumbiji zilishushwa kutoka kwenye meli iliyozuiliwa bandarini, zikakaa ghalani kwa miaka kadhaa huku maofisa wakiandikiana barua, mpaka moto ulipozifikia tarehe 4 Agosti 2020 na watu zaidi ya 200 wakafa. Shehena hiyo, kwa taarifa ya wanaodhani kila tani ya kemikali hii huenda shambani, ilikuwa imeagizwa kwa ajili ya kiwanda cha vilipuzi.

Ni kweli kwamba migodi na machimbo ya mawe huitegemea mno, kwa kuwa vilipuzi vinavyotokana nayo ni vya bei nafuu na havishtuki ovyo kama baruti za zamani. Hospitalini, gesi ya nitrasi oksidi inayopunguza maumivu hutengenezwa kutokana nayo. Kwa mkulima, kilo 100 zake zikiwa safi zina takriban kilo 35 za nitrojeni: nusu iko katika hali ya nitrati, ambayo mizizi huinyonya mara moja, na nusu katika hali ya amonia, ambayo hushikwa na udongo kwa muda zaidi. Urea ina nitrojeni nyingi kuliko hiyo, lakini ikiachwa juu ya udongo bila kufukiwa, sehemu yake hupotea hewani.

Wanaotaka marufuku wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. CAN, mbolea ya kukuzia ambayo nitrati yake huchanganywa na chokaa ili isilipuke kirahisi, ndiyo iliyokuwa ikivushwa kwa magendo kutoka Pakistan na kutumika katika mabomu ya kutega barabarani nchini Afghanistan, hata serikali ya huko ikapiga marufuku mbolea za aina hiyo mwaka 2010. Kuipunguza makali, basi, hakutoshi. Lakini marufuku nayo haikuyamaliza mabomu, kwa sababu watengenezaji walihamia kemikali nyingine, ilhali mkulima aliyezoea mbolea ile hakuwa na kimbilio rahisi kama hilo.

Umoja wa Ulaya umechagua njia ya kati: mtu wa kawaida haruhusiwi kununua nitrati ya amonia yenye nitrojeni ya asilimia 16 au zaidi, ila mkulima anaweza kuruhusiwa. Naona utaratibu huo una busara, ingawa unamchunguza mnunuzi kuliko mwenye ghala. Mwaka 2013, katika mji wa West, Texas, mbolea iliyohifadhiwa kwenye jengo la mbao lisilo na mfumo wa kuzima moto, karibu na shule na makazi ya wazee, ilishika moto na kulipuka. Kati ya watu 15 waliokufa, wengi walikuwa wazimamoto na waokoaji waliokimbilia kusaidia. Hakuna kitambulisho cha mnunuzi ambacho kingewaokoa. Kilichohitajika ni ghala lisiloungua, lililo mbali na watu na linalokaguliwa, na gharama ya hayo inapaswa kubebwa na mwenye tani, si na mkulima wa mifuko miwili.