Hayo mnayoyaita umbea

Juzi kwenye kikao cha mtaa mzee mmoja alisimama akatukemea wanawake: tuache umbea, umbea ndio unaovunja nyumba za watu. Wanaume wakaunga mkono. Jioni nikawapita wazee wale wale kwenye kahawa, wanamjadili kijana aliyeuza kiwanja cha marehemu baba yake: kauza shilingi ngapi, nani kasaini, dada zake wamepata nini. Yao ni mazungumzo. Yetu ni umbea. Imeniuma.

Mwaka jana binti wa jirani yangu alichumbiwa. Mahari imeshatajwa, sare zimeshachaguliwa. Niko saluni nasukwa, msusi akasimamisha mikono, akaniinamia sikioni: “Dada, huyo kaka si alikuwa na mke kule relini? Yule mama aliondoka usiku, mkono umevunjika.” Washenga walikuwa wameulizia, wakajibiwa kijana mtulivu. Polisi hakuna aliyeshtaki. Nilikwenda kwa mama wa binti siku ile ile, nywele nusu. Wakamtafuta yule mwanamke hadi kwao, akawanyooshea mkono ambao mpaka leo haunyooki. Posa ikarudishwa.

Nani mwingine angesema? Sisi tumekuwa hivi tangu zamani. Unguja, enzi za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, mtu aitwaye Kijiti alimuua mwanamke mgeni akatorokea bara, adhabu ikawaangukia wanawake waliokuwa na marehemu matembezini. Siti hakujua kusoma wala kuandika, lakini aliimba kisa kile, na jina la muuaji tunalijua hadi leo kwa sababu ya wimbo.

Najua umbea umeumiza watu. Mtaani kwetu mama ntilie mmoja alikaa miezi na masufuria yaliyojaa kwa maneno ya UKIMWI yasiyo na mwenyewe, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioacha kula kwake. Hilo silitetei, na nilishakwenda kumwomba radhi. Lakini tazama njia ya maneno yenyewe. Ya msusi yalikwenda moja kwa moja kwa mwenye binti. Ya mama ntilie yalizunguka mtaa mzima, hakuna aliyethubutu kumwambia yeye.

Kikao kijacho nitaomba nafasi ya kusema. Yule binti ameniambia atakaa pembeni yangu.