Kiwiko cha Tommy John na goti la winga wetu

Ndugu zangu wa Dar wakiniuliza Marekani inatuzidi nini, wanategemea nitaje barabara, umeme na mishahara. Siku hizi jibu langu ni jingine. Wanatuzidi kumtunza mchezaji akishaumia. Mfano wangu ni Tommy John, mrushaji wa besiboli.

Kwa asiyeujua mchezo huu, mrushaji ndiye anayesimama katikati kwenye kichuguu cha udongo, akimrushia mpira mpigaji aliyeshika gongo. Wa Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani siku hizi wanavuka kilomita 150 kwa saa, na kila mrusho unaivuta kano moja fupi iliyo upande wa ndani wa kiwiko. Anayeanza mechi leo hupewa kama siku nne za kupumzisha mkono kabla ya kuanza nyingine.

Tommy John, mzaliwa wa Indiana anayetumia mkono wa kushoto, aliingia Ligi Kuu mwaka 1963. Julai 1974 alikuwa Los Angeles Dodgers, msimu unamwendea vizuri, ameshinda mechi 13 na kupoteza 3 tu, kano ikakatika. Kwa mrushaji wa enzi zile hapo ndipo safari ilipoishia. Septemba 25 daktari wa timu, Frank Jobe, alichukua ukano kutoka mkono wake wa kulia, akatoboa mifupa ya kiwiko cha kushoto na kuupitisha humo. Nafasi ya kurudi uwanjani aliikadiria kuwa moja kwa mia. Neva nayo ikaleta matatizo, vidole vikajikunja, ikabidi apasuliwe tena kabla mwaka haujaisha. Mwaka 1975 hakucheza kabisa. Alirudi 1976, mwaka uliofuata akashinda mechi 20, akaendelea mpaka 1989 akiwa na miaka 46. Katika ushindi wake 288, ushindi 164 ulikuja baada ya kile kisu.

Wengi humsifia daktari, na anastahili. Mimi naurudia mara nyingi ule mwaka 1975. Mtu wa miaka 32, mkono wa kazi haufanyi kazi, na bado ni mchezaji wa Dodgers.

Sasa njoo Temeke. Mtaani kwetu tulikuwa na winga wa kushoto, mguu wake ulikuwa unatoa krosi ambazo mpaka leo vijana wanazisimulia. Akasajiliwa na timu ya ligi, sitaitaja. Siku goti lilipogeuka, walimpulizia dawa ya kopo, wakamfunga bandeji, akarudishwa uwanjani kumalizia kipindi cha pili. Mshahara ulikatika mwezi uliofuata. Akapelekwa kwa fundi wa viungo Mbagala, akakandwa kwa maji ya moto wiki nzima, goti likazidi kujaa. Mama yake akauza cherehani. Sisi wa ughaibuni tukachangishana, ikapatikana hela ya kipimo cha MRI, ya upasuaji haikutimia. Hivi sasa anaendesha bodaboda, na goti likivimba haendi kijiweni. Alipoumia alikuwa hajafikisha hata miaka 24.

Sisemi Wamarekani wana roho nzuri kuliko sisi. Matajiri wa timu za huku Marekani walibanwa. Mwaka 1966 chama cha wachezaji kilimchukua Marvin Miller, mchumi aliyetoka chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma, na yeye akawafundisha wachezaji kujadiliana kama wafanyakazi. Hadi Desemba 1975 mchezaji alikuwa mali ya timu hata mkataba ukiisha. Waliovunja kifungo hicho ni warushaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally. Ndiyo maana Tommy John, na kiwiko chake kilichoungwa, aliweza baadaye kwenda New York Yankees kwa hiari yake. Tangu 1980 mchezaji akikaa siku 43 kwenye kikosi cha Ligi Kuu anapata haki ya pensheni, na siku moja tu inampa haki ya bima ya afya ya wachezaji.

Hata huku kuna walioachwa. Waliocheza muda mfupi kabla ya utaratibu huo hawakupata pensheni, na vijana wa ligi za chini walilipwa fedha ya aibu miaka mingi hadi walipojiunga na chama mwaka 2022. Sisi wabeba maboksi ndiyo kabisa, hatujawahi kuiona bima ya namna ile. Na ukiumia huku, usitegemee jirani akuletee uji. Yule winga alitembelewa kila siku, na hilo naliheshimu kwa dhati. Lakini uji wa majirani hauungi kano, na tumeuacha ufanye kazi ya mwajiri kwa muda mrefu mno.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sehemu ya utaratibu huu haina gharama. Hapa ninapoishi Ohio, Jumamosi watoto wanacheza bustanini, na pembeni mama mmoja hukaa na kimashine cha kubonyeza, anahesabu kila mrusho. Ligi ya watoto, Little League, imeweka ukomo: wa miaka 11 na 12 ni mirusho 85 kwa siku, na aliyefikisha 66 au zaidi anapumzishwa siku nne zinazofuata. Mtoto alie, baba yake agombe, anatolewa. Kwetu kijana mwenye kipaji anachezeshwa ndondo asubuhi, mechi ya shule mchana, jioni kombe la diwani, kwa sababu kila mtu anamtaka. Pale shule ya sekondari Azania, Dar, kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Makocha wa pale nawasihi waanze kuhesabu sasa, viwiko vya hao watoto vikiwa bado vizima.

Na kwa waandishi wetu wa michezo nina ombi. Dirisha la usajili likifunguliwa mnatutajia dau, gari na namba ya jezi. Mwulizeni msemaji wa timu mbele ya kamera: huyu kijana akivunjika, nani analipia hospitali, na mshahara wake utaendelea kwa miezi mingapi?