Chambo halisi au bandia: upepo pekee hautoshi kuamua

Wavuvi wengi wa mshipi hapa Mombasa wanafuata kanuni moja fupi: kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, ikivuma, funga chambo bandia; kusi, upepo wa kusini, ikianza, rudi kwenye ngisi na dagaa. Kanuni hii ina ukweli mwingi, na anayeifuata hatarudi mikono mitupu mara nyingi. Kasoro yake ni kwamba inatazama upepo, ilhali samaki anatazama maji. Jambo hili linafaa kupimwa kwa makini kwa sababu pesa za watu zimo ndani yake. Chambo bandia kimoja kizuri cha dukani kinaweza kumeza faida ya siku nzima ya mvuvi mdogo, na ngisi nao hawagawiwi bure.

Kwenye kaskazi, upande wa bandia una nguvu kweli. Kuanzia Desemba hadi Machi bahari hutulia, mvua huwa haba, na maji ya nje ya mwamba hung'aa. Nguru, kolekole, mzia na sulisuli huwinda kwa macho. Wanaona kitu kikimeremeta, wanakikimbilia, na uamuzi hufanyika kabla harufu haijapata nafasi. Chambo bandia kinachokokotwa nyuma ya chombo kinawapa hasa wanachokitafuta, yaani mwendo na mng'ao. Dagaa mfu akikokotwa kwa kasi hupasuka tumbo, huzunguka kama parafujo na kuusokota mshipi wote. Bandia hubaki na umbo lake asubuhi nzima. Tena chombo kinachokokota hupitia eneo kubwa, na hilo ni muhimu kwa samaki wasiokaa mahali pamoja.

Wazee wa mshipi wana jibu lao, na ni jibu zito. Nguru aliyeshiba hukifuata chambo bandia hadi karibu na boti, akakikagua, akageuka. Mtupie kibua hai na mambo hubadilika. Nakubaliana nao kabisa: hata kaskazi ikiwa imetulia namna gani, hakuna plastiki inayoshinda samaki hai anayehangaika kwenye ndoana. Taabu ni kumpata huyo kibua alfajiri na kumweka hai hadi nje ya mwamba. Mwenye ngalawa isiyo na tangi la maji hilo kwake ni ndoto.

Kusi nayo ina mambo yake. Upepo hukaza kuanzia Aprili au Mei, mawimbi huvunjika vibaya kwenye mwamba, na vyombo vidogo hulazimika kubaki ndani. Masika huteremsha udongo kwenye mikono ya bahari ya Tudor na Kilindini, na mawimbi hukoroga mchanga. Katika maji ya rangi ya chai, chambo bandia kinachong'aa hakimng'alii yeyote. Changu na tewa hutegemea pua zaidi, hasa usiku, na hapo kipande cha ngisi hakina mpinzani.

Kuna adha nyingine ya kusi ambayo wauzaji wa vyambo hawaitaji: mwani. Majani yaliyong'olewa huelea kila mahali, na ndoana tatu-tatu za chambo bandia huyazoa yote. Jani moja tu likining'inia mkiani, chambo kinalala ubavu na hakuna samaki atakayekigusa. Mvuvi anashinda akivuta mshipi kusafisha badala ya kuvua. Ngisi aliyetulia chini na chubwi, uzito wa kuzamisha mshipi, hapati usumbufu huo kwa kiasi kikubwa. Ila chubwi yenyewe iwe nzito kuliko ya kaskazi, kwani mkondo wa bahari unaoelekea kaskazini hukaza kasi wakati wa kusi na kuuinua mshipi mwepesi.

Namna ya kumtia ngisi pia ina maana. Wengi humkunja wakamshindilia kwenye ndoana hadi akawa donge. Mvue ngozi, mkate vipande vyembamba vya urefu wa kidole, upana mwisho mmoja na ncha mwisho wa pili, kisha mchome mara moja tu kwenye upande mpana. Mkia ubaki huru. Hapo chambo halisi kinapata harufu na mwendo kwa pamoja, na nusu ya hoja ya watu wa bandia imepata jibu. Nyama ya ngisi ni ngumu, kwa hiyo haidonolewi ikaisha upesi na samaki wadogo kama ilivyo kwa dagaa. Ukiwa na dagaa pekee, watie chumvi usiku kucha wakaze.

Sasa tuangalie mahali kanuni inapovunjika. Jodari hupita kwa wingi nje ya pwani yetu kuanzia Agosti hadi Oktoba, wakati kusi bado haijaisha. Anayesubiri kaskazi ndipo afunge chambo bandia atawakosa. Halafu kuna maji yenyewe. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa zaidi, tofauti ya maji kujaa na kupwa Mombasa hukaribia mita 4. Yakipwa, maji ya tope kutoka kwenye mikoko na mikono ya bahari humwagika nje kupitia Likoni na upande wa Nyali. Yakijaa, maji safi ya bahari kuu huingia palepale. Kwa hiyo mtu aliyesimama mahali pamoja, siku moja, msimu mmoja, ana saa za bandia na saa za ngisi. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, mabadiliko hayo hupungua na hata kusi hutoa vipindi vya maji meupe.

Kipimo changu ni chepesi: teremsha chambo cheupe kwa mkono ubavuni mwa chombo. Kikipotea machoni kabla ya pima moja, yaani karibu mita mbili, weka bandia mfukoni, hata kama ni Januari. Ukikiona vizuri pima tatu chini, jaribu bandia, hata kama ni Julai.

Kwenye gharama ndipo ninapoegemea chambo halisi, na nitasema wazi kwa nini. Watu husema bandia hununuliwa mara moja. Lakini kukokota kwa injini kunakula mafuta kila dakika, samaki wale wasile, wakati anayetia nanga na kuteremsha ngisi amezima mashine. Anayerusha kwa rodi kutoka kwenye miamba ya Mama Ngina huacha vyambo vingi chini ya mawe. Ngalawa inayokokota kwa tanga haimo katika hesabu hii, maana upepo hauuzwi, na kwake bandia wakati wa kaskazi ni chaguo zuri sana. Kwa wengine wanaotegemea samaki kwa chakula na karo, naona chambo halisi kiwe msingi wa mwaka mzima, na bandia zisizozidi mbili au tatu zingoje maji yakisafika.

Hoja ya upande wa pili isiyonitoka akilini ni samaki wachanga. Bandia kubwa huchagua wenye midomo mikubwa. Ngisi mdogo kwenye ndoana ndogo huvua kila kitu, wakiwemo changu ambao hawajawahi kutaga. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1986, ina eneo lisiloruhusiwa uvuvi kabisa, lakini ni kama kilomita za mraba 10 tu. Nje ya hapo ulinzi uko mikononi mwa anayeshika mshipi. Anayevua kwa ngisi ndani ya mwamba atumie ndoana kubwa zaidi, kipande kiwe kirefu kuliko anachoweza kumeza changu mchanga, na atakayenaswa akiwa mdogo achomolewe ndoana akiwa bado majini.